Namna ya Kutambua Fonksio za Hisabati katika Takwimu za Kila Siku

Neno fonksio humfikia mwanafunzi wa Kongo kwa njia ya Kifaransa, katika miaka ya sekondari, likiwa limefuatana na herufi x na y, na mara nyingi hubaki huko huko darasani. Akishatoka shuleni hudhani kwamba ameagana nalo. Hata hivyo, mama anayepima unga sokoni, fundi anayekadiria matofali ya nyumba, karani anayepanga mishahara na mtunga kamusi anayehesabu maneno, wote hukutana na jambo hilo kila siku bila kulitaja kwa jina. Makala haya yanakusudia kueleza namna mtu aliye na safu mbili za namba mbele yake anavyoweza kutambua ni fonksio ya aina gani inayozitawala. Anayekosea katika utambuzi huo huenda asione kosa lake leo, kwa kuwa namba alizo nazo tayari zinaelekea kukubali maelezo mengi. Kosa huonekana pale anapokadiria namba ambazo bado hazijaja.

Kwa ufupi, fonksio ni kanuni inayotoa jibu moja, wala si zaidi ya moja, kwa kila kipimo kinachoingizwa. Uzito wa unga ukiingizwa, bei hutoka. Ikiwa muuzaji yule yule, saa ile ile, anauza kilo moja kwa bei mbili, moja ya jirani yake na nyingine ya mgeni, basi bei hiyo si fonksio ya uzito peke yake. Ni fonksio ya uzito pamoja na mnunuzi. Jambo hili laonekana kuwa mzaha, lakini takwimu nyingi zinazoitwa mbovu hazina ubovu wowote; zimeacha tu kuandika safu moja iliyohitajika.

Utambuzi wenyewe huanza kwa swali moja: wakati namba zinabadilika, ni kitu gani kinachobaki vile vile?

Jibu lililo jepesi zaidi ni kwamba kinachobaki vile vile ni tofauti. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba mwenye chukudu mjini Goma anadai faranka 2,500 kwa mzigo wa kilometa 1, faranka 3,000 kwa kilometa 2, 3,500 kwa kilometa 3 na 4,000 kwa kilometa 4. Kila kilometa inaongeza 500, si zaidi si pungufu. Fonksio ya namna hiyo huchorwa kwa mstari ulionyoka. Mstari huo, ukirudishwa nyuma hadi kilometa sifuri, haufiki kwenye sifuri bali kwenye 2,000, na faranka hizo 2,000 ndizo malipo ya kupakia na kupakua, hata kama mwenye chukudu hakuyataja. Hivyo mstari humfunulia msomaji kitu ambacho hakikuandikwa popote katika jedwali. Nauli ya teksi ya mjini, kwa upande wake, si ya mstari: hubaki ile ile kutoka kituo hadi kituo, kisha huruka. Hiyo ni fonksio ya ngazi, nayo hutambulikana kwa urahisi, kwa maana abiria anayeshuka hatua chache kabla ya kituo hulipa sawa na anayeshuka kituoni.

Aina ya pili huwatesa hasa wakulima na wajenzi. Shamba la mraba lenye upande wa mita 20 lina eneo la mita za mraba 400. Upande ukiongezwa kuwa mita 40, wengi husema eneo limekuwa maradufu. Kumbe limekuwa mara nne, yaani 1,600, na mbegu zitakazohitajika ni mara nne pia. Tofauti hapa hazibaki vile vile. Namba 1, 4, 9, 16, 25 hupishana kwa 3, 5, 7, 9. Lakini tofauti hizo nazo zikitolewa tofauti zake, hupatikana 2, 2, 2. Hiyo ndiyo alama ya fonksio ya kipeo cha pili: kisichobadilika kimejificha ngazi moja chini.

Aina ya tatu yataka maelezo marefu zaidi, kwa kuwa wananchi wa Kongo waliisoma kwa mifuko yao.

Zaire ilipoanzishwa kuwa sarafu ya nchi mwaka 1967, zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwaka 1986, kwa kuchukua wastani wa mwaka mzima, dola 1 ilipatikana kwa zaire 60 hivi. Mwaka 1987 kwa 112. Mwaka 1988 kwa 187. Mwaka 1989 kwa 381. Na mwaka 1990 kwa 719. Msomaji akitafuta tofauti atapata 52, kisha 75, kisha 194, kisha 338. Hazitulii. Tofauti za tofauti nazo hazitulii. Basi na agawe kila namba kwa ile iliyoitangulia: atapata 1.87, kisha 1.67, kisha 2.04, kisha 1.89. Namba hizi hazilingani kabisa, lakini zote zinazunguka pale pale, chini kidogo ya 2. Kinachobaki vile vile, kwa kadiri takwimu halisi zinavyoweza kubaki, si tofauti bali ni uwiano. Kila mwaka dola iliongezeka bei karibu mara mbili. Fonksio ya namna hiyo huitwa ya kipeo, kwa sababu muda wenyewe ndio unaokaa mahali pa kipeo: mara mbili, mara mbili ya mara mbili, na kuendelea.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ni hii. Mfanyakazi aliyeweka akiba ya zaire 100,000 mwaka 1986 alikuwa ameweka kitu kilicholingana na dola 1,667. Mwaka 1990 akiba hiyo hiyo, bila kuhesabu faida ya benki, ililingana na dola 139. Kama angekuwa ameliona jambo hilo kwa jicho la mstari ulionyoka, angesema kwamba katika mwaka wa mwisho dola iliongezeka kwa zaire 338, kwa hiyo mwaka 1991 itafika 1,057. Aliyetambua uwiano angezidisha 719 kwa 1.9 na kupata 1,366 hivi. Wa pili amesoma takwimu vizuri kuliko wa kwanza. Wote wawili, hata hivyo, walishindwa, maana wastani wa mwaka 1991 ulikuwa zaire 15,587 kwa dola 1, na wa mwaka 1992 ulikuwa 645,549. Uwiano uliokuwa karibu na 2 ulipanda hadi karibu 22, kisha ukapita 41. Zaire 100,000 za yule mfanyakazi zilikuwa zimebaki na thamani ya senti 15 za dola.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno. Kuitambua fonksio katika takwimu ni kutambua mwenendo wa sababu zilizokuwa zikifanya kazi wakati takwimu zinakusanywa. Sababu zikigeuka, fonksio nayo hugeuka, na jedwali la jana haliwezi kutoa onyo. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Shirika la Gécamines, ambalo katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa likitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, lilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Serikali iliyokosa mapato ya shaba ililipa kwa noti mpya zilizochapishwa. Septemba 1991 miji iliporwa. Mwanzoni mwa mwaka 1993 noti ya zaire 5,000,000 ilikataliwa na wafanyabiashara, na askari waliolipwa mishahara kwa noti hiyo wakaasi. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililokuwa ndani ya namba 60, 112, 187, 381 na 719.

Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Watu wengi waliamini kwamba kuondoa sifuri ni kuondoa ugonjwa. Mtu aliyejua alama ya fonksio ya kipeo angeweza kuwaambia siku ile ile kwamba namba zote zikigawanywa kwa kiasi kimoja, uwiano kati yao haubadiliki hata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa: kwa wastani dola ilikuwa na thamani ya zaire mpya 2.51 mwaka 1993 na zaire mpya 1,194 mwaka 1994, yaani uwiano wa karibu 476, mkubwa kuliko wote uliotangulia. Bei za bidhaa mwaka huo zilipanda, kwa wastani wa mwaka, asilimia 23,773. Asilimia kubwa namna hiyo haisemi kitu kwa masikio ya binadamu. Lakini ikitafsiriwa kuwa mwendo wa mwezi kwa mwezi inaeleweka mara moja. Ni kana kwamba bei zilizidishwa kwa 1.58 kila mwezi, maana yake zilikuwa maradufu katika kila mwezi mmoja na nusu. Ilipofika tarehe 30 Juni 1998, faranka ya Kongo ikachukua nafasi kwa kiwango cha zaire mpya 100,000. Faranka 1, basi, ni sawa na zaire bilioni 300 za mwaka 1967.

Namba za namna hiyo zaweza kumfikisha mtu, hata bila mwalimu, kwenye chombo ambacho wanahisabati hukiita logarithimu. Namba zinapokuwa ndefu kupita kiasi, mtu aweza kuacha kuzitamka akaanza kuhesabu tarakimu: bei ya tarakimu tano, bei ya tarakimu sita, bei ya tarakimu saba. Kuhesabu tarakimu ni kuhesabu ni mara ngapi 10 imezidishwa kwa 10, na hiyo ndiyo logarithimu katika umbo lake la kienyeji. Faida yake kwa utambuzi ni kubwa. Mtu akichora grafu ambayo hatua zake za wima si 100, 200, 300 bali 10, 100, 1,000, 10,000, fonksio ya kipeo itanyooka kuwa mstari. Takwimu za zaire kuanzia 1986 hadi 1990 zikichorwa hivyo hukaa karibu kabisa na mstari mmoja, kisha mwaka 1991 mkunjo wa ghafla unaelekea juu. Kwenye karatasi ya kawaida miaka mitano ya kwanza ingeonekana kama mstari uliolala chini, kana kwamba hakukuwa na jambo lolote. Kwa hiyo, uchaguzi wa karatasi ya kuchorea ni sehemu ya utambuzi wenyewe. Na mtu mwenye nia mbaya aweza kuficha mengi kwa kuchagua karatasi.

Mfano mwingine wa fonksio ya kipeo haujakoma mpaka leo. Sensa ya watu ya mwaka 1984 ilihesabu watu wapatao milioni 30 katika nchi nzima. Tangu wakati huo namba ya wakazi wa Kongo inayotajwa katika hotuba, magazeti na mipango ya maendeleo haitokani na kuhesabu vichwa. Kwa sehemu kubwa ni jibu la fonksio: watu wa mwaka wa msingi, wakizidishwa kila mwaka kwa kiwango fulani cha ongezeko. Ikisemwa kwamba ongezeko ni asilimia 3 kwa mwaka, milioni 30 za mwaka 1984 zinakuwa milioni 98 hivi ifikapo 2024. Ikisemwa ni asilimia 2.5, zinakuwa milioni 81 hivi. Ikisemwa ni 3.5, zinakuwa kama milioni 119. Nusu ya asilimia, ambayo mtu angeidharau katika bei ya chumvi, baada ya miaka 40 inaleta tofauti ya watu milioni 17 upande mmoja na milioni 21 upande wa pili. Jambo hili si la vitabuni tu. Muuguzi wa kituo cha afya anayeripoti kwamba amechanja asilimia 115 ya watoto wa eneo lake hadanganyi kwa lazima, wala hajui kugawanya vibaya. Amechanja watoto halisi na kuwagawanya kwa watoto waliotoka katika fonksio. Mwenye kutambua hilo atachunguza kigawanyo kabla ya kumkaripia muuguzi.

Zipo pia takwimu zisizokubali tofauti wala uwiano, kwa sababu hupanda na kushuka. Kina cha mto Kongo ni mojawapo. Anayepima maji ya mto huo Kinshasa kuanzia Agosti hadi Desemba huyaona yakipanda mwezi baada ya mwezi, na kama hana miezi mingine mkononi aweza kuamini kwamba hayatasimama. Lakini baada ya Desemba maji hushuka, hupanda tena kwa kiasi kidogo kuelekea Mei, kisha hushuka hadi kima cha chini kabisa katika Julai na Agosti. Hapa kisichobadilika ni muda wa kurudi, yaani miezi 12. Kwamba mto una vilele viwili kwa mwaka si ajabu kwa anayetazama ramani: bonde lake liko pande zote mbili za ikweta, na mvua za kaskazini na za kusini haziji kwa wakati mmoja. Ni mawimbi mawili yaliyojumlishwa katika mkondo mmoja. Fonksio ya kujirudia inaeleza majira, haielezi mafuriko makubwa. Maji ya Desemba 1961 yalipita vilele vya kawaida vyote, na yale ya Januari 2024 yaliyakaribia. Kwa kujua hilo, mtu asiyataje kuwa dalili ya mto unaopanda moja kwa moja. Kwanza ayapime dhidi ya kilele cha majira yake, kisha aseme.

Wapo wasomaji watakaouliza ni nini uhusiano wa haya yote na lugha. Uhusiano upo, tena wa karibu, kwa kuwa matini yoyote ni ghala la takwimu. Mtu achukue kitabu cha Kiswahili, ahesabu kila neno limetokea mara ngapi, kisha ayapange maneno kuanzia lililotokea zaidi. Ataona namba zikishuka kwa kasi ya kushangaza mwanzoni, kisha polepole sana, na mwishoni msururu mrefu wa maneno yaliyotokea mara moja tu. Je, ni fonksio ya kipeo, ile ya uwiano? Ajaribu: neno la pili likigawanywa kwa la kwanza, la tatu kwa la pili, la kumi kwa la tisa. Uwiano hautulii, unasogea kuelekea 1. Basi ajaribu swali jingine: nafasi ya neno ikizidishwa kwa 2, idadi ya kutokea kwake inafanyaje? Ataona kwamba kwa jumla inakaribia kuwa nusu. Ikiwa neno la kwanza limetokea mara 1,000, la pili litakuwa karibu na 500, la nne karibu na 250, la kumi karibu na 100. Nafasi ikizidishwa kwa idadi, jibu linabaki karibu lile lile. Aina hii ni tofauti na ile ya kipeo, ingawa katika mchoro wa kawaida mikunjo yake hufanana kama mapacha. Hunyooka tu pale mihimili yote miwili ya grafu inapochorwa kwa logarithimu.

Mtaalamu wa hatimkato wa Kifaransa, Jean-Baptiste Estoup, aliliona jambo hilo mapema katika karne ya ishirini, na Mmarekani George Kingsley Zipf (1902–1950) alilieneza kwa vitabu vyake vya 1935 na 1949, hata likapewa jina lake. Limethibitishwa kwa takriban katika lugha nyingi. Neno takriban lisisahauliwe: maneno machache ya juu kabisa na msururu wa mwisho kwa kawaida hutoka nje ya mstari.

Kwa Kiswahili kuna tatizo ambalo Zipf hakulazimika kulishughulikia sana katika Kiingereza, nalo ni kwamba kabla ya kuhesabu maneno sharti ijulikane neno ni nini. Anayehesabu kwa kufuata nafasi nyeupe kati ya maandishi atayatenga anasoma, walisoma, hatusomi, asiposoma na kitakachosomwa kuwa maneno matano, kila moja likiwa na idadi ndogo. Anayehesabu kwa mizizi atayaweka yote chini ya -som- na kupata neno moja lenye idadi kubwa. Upande wa pili, kiunganishi cha -a kimetawanyika katika ya, wa, la, za, cha, vya na kadhalika, na kila kimoja hupewa nafasi yake katika orodha kana kwamba hakimfahamu mwenzake. Vikikusanywa, huenda orodha nzima ya juu ikapangwa upya. Kwa hiyo matini moja hutoa mikunjo miwili: ule wa maumbo una mkia mrefu wa maneno ya mara moja, ule wa mizizi una mkia mfupi zaidi. Hakuna uliokosea hesabu. Vilivyohesabiwa ndivyo vilivyo tofauti.

Tatizo hilo huwa kubwa zaidi katika maandishi ya Kiswahili cha Kongo yaliyoandikwa nje ya shule. Katika historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, ambayo Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990, utenganishaji wa maneno haufuati kanuni moja: viambishi mara hutengwa na mzizi, mara maneno mawili huunganishwa. Mashine ikiyahesabu maandishi kama hayo kwa kufuata nafasi nyeupe, viambishi vilivyotengwa vitapanda juu ya orodha kana kwamba ni maneno kamili, na mkunjo utakaochorwa utaeleza zaidi mkono wa mwandishi kuliko lugha yake.

Mtunga kamusi ndiye anayelipia kosa la aina ya fonksio kwa fedha na miaka. Ichukuliwe kwamba ana matini yenye jumla ya maneno 10,000, na ndani yake amepata maumbo 2,500 yasiyofanana. Anapanga kukusanya matini mara 100 zaidi, yaani maneno milioni 1. Akifikiri kwa mstari ulionyoka atatarajia maumbo 250,000, na ataomba karatasi, wasaidizi na muda wa kiasi hicho. Lakini kadiri matini inavyorefuka ndivyo maneno mapya yanavyopungua, maana yaliyo mengi yameshatokea. Ikiwa katika jaribio dogo aliona kwamba matini ilipozidishwa kwa 4 msamiati ulizidishwa kwa 2 tu, basi msamiati wake unafuata kipeo cha nusu, na matini ikizidishwa kwa 100 utazidishwa kwa 10: maumbo 25,000. Katika lugha yenye viambishi vingi kama Kiswahili, akihesabu maumbo, kupungua huko huchelewa, kwa sababu mzizi unaojulikana waweza kuvaa umbo jipya karibu kila ukurasa; akihesabu mizizi, huanza mapema. Jaribio la kutofautisha mambo hayo halihitaji mashine. Yatosha kuchukua kurasa 10 za kwanza za kitabu, kuhesabu maumbo na mizizi kwa kalamu, kisha kurasa 20, kisha kurasa 40, na kuandika namba sita zinazopatikana katika safu mbili zinazotazamana.